Nitoe makeshia wawili ama niwapeleke wote mafunzo? Jibu kwa meneja wa tawi

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeendesha tawi la benki huku Eastlands, na nalifupisha: "Niko na watu 14. Gharama zetu ni 55% ya mapato na hedi ofisi inataka hiyo namba ishuke kabla ya mwaka kuisha. Watu wa fedha wanasema nitoe makeshia wawili, watu wa HR, yaani idara ya wafanyakazi, wanasema watachukua wote wawapeleke mafunzo ya siku tatu. Kwani hizi mambo za HR kweli zinabadilisha ufanisi wa benki ama ni maneno ya semina tu? Nisimame upande gani?"

Dada, nitajibu kwa urefu kidogo, juu nimekaa kwa benki miaka mingi, kwanza kaunta, halafu operesheni, halafu HR yenyewe, na hili jambo nimeliona likiumiza watu wazuri kila bajeti ikikaribia. Ndio, zinabadilisha, tena sana. Lakini kabla utoe mtu ama umpeleke mtu mahali, chukua ile karatasi ya tageti uiweke mezani uisome kama hujawahi kuiona. Unawahesabia watu wako nini? Na ni nani anakaa nao kuwaambia wamefanya vipi? Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kwa mambo yote ya HR yanayogusa ufanisi wa tawi, nachagua hapo, mbele ya mafunzo, na mbele ya kupunguza watu.

Tuanze na hiyo 55% yenyewe manake watu wengi wanaitaja bila kuifungua. Kila shilingi 100 tawi linaingiza, 55 zinaenda kuliendesha, yaani mishahara, kodi ya jengo, stima, walinzi, gari la kubeba pesa, sistimu. Chukua mfano wa kuhesabia tu, sio tawi lako: mapato milioni 60 kwa mwaka, gharama milioni 33, hiyo ni 55%. Ukitoa makeshia wawili wanaogharimu milioni 1.2 kila mmoja ukiweka bima na pensheni, gharama inashuka hadi milioni 30.6 na namba inakuwa 51%. Mtu wa fedha anafurahi, na hesabu yake haina makosa. Shida ni kwamba ameshikilia mapato yakae pale pale. Sasa laini imekuwa ndefu, mwenye hadwea aliyekuwa anabanki kila jioni amechoka kusimama akahamisha akaunti ng'ambo ya barabara, na chama cha akina mama kikamfuata, mapato yakashuka milioni 4 tu yakawa 56. Gawanya 30.6 kwa 56 unapata 54.6%. Umerudi karibu pale pale ulipoanzia, isipokuwa sasa uko na watu 12 waliochoka na huna kitu kingine cha kukata. Na bado sijaweka malipo ya kuwaachisha hao wawili ambayo yanaingia kwa gharama za mwaka huo huo.

Halafu kuna shimo lingine ndani ya hiyo namba. Mikopo ikiharibika, pesa ambayo benki inaweka kando kufidia kwa kawaida haiingii kwa hesabu ya gharama kwa mapato, inakuja mstari mwingine chini yake. Kwa hivyo tawi linalogawa mikopo kama njugu linaonekana fundi wa ufanisi mwaka wa kwanza, riba na ada zinaingia, gharama zimetulia, meneja anapigiwa makofi. Mkopo unahesabiwa mbovu ukipitisha siku 90 bila kulipwa, na wengi hawaanguki mwezi wa kwanza wala wa pili, kwa hivyo hasara inafika wakati ofisa aliyeuandika ameshapandishwa cheo na kupelekwa tawi lingine. Hapa Kenya mikopo mibovu ilipita 16% ya mikopo yote mwaka 2024, ni ripoti za Benki Kuu, na sisemi ni mambo ya HR peke yake, biashara zimekuwa ngumu na serikali imekuwa ikichelewa kulipa makandarasi, lakini nimeketi kwa kamati za mikopo na najua faili nyingi ziliandikwa na mtu aliyekuwa anakimbiza tageti ya mwisho wa mwezi.

Sasa nikupe kisa, ndio uone kwa nini naanzia kwa tageti.

Tawi moja nililofanyia kazi nikiwa keshia, benki siitaji, lilikuwa karibu na steji ya matatu. Hedi ofisi ikaleta mtindo mpya, kila keshia anahesabiwa idadi ya wateja aliohudumia kwa siku, sistimu inahesabu yenyewe, na anayeongoza anapewa vocha ya supamaketi mwisho wa mwezi. Wiki za kwanza namba zikapanda vizuri sana. Lakini Jumatatu asubuhi ndio siku waweka hazina wa makanisa wanaleta sadaka, na sacco za matatu zinaleta makusanyo ya wikendi, mifuko ya sarafu na noti za hamsini zilizokunjwa mara nne. Mfuko mmoja kama huo unakula dakika ishirini, na kwa sistimu ni mteja mmoja, sawa na kijana anayeweka elfu mbili kwa dakika moja. Basi tukajifunza. Ukiona mama wa kanisa amekaribia mbele unafunga kidirisha unaenda chai, ama unamwambia sarafu hazijapangwa sawa arudi akazipange. Hatukuwa watu wabaya, tulikuwa tunafanya kile tulichokuwa tunahesabiwa. Na hao tuliokuwa tunawakimbia ndio walikuwa na pesa ya bei rahisi kabisa kwa benki, pesa ya akaunti za kawaida ambayo hailipwi riba, ile benki inakopesha wengine. Kanisa moja kubwa likahama. Halafu sacco moja. Kwa ripoti ya wafanyakazi tulikuwa tawi la mfano, kwa ripoti ya amana tulikuwa tunavuja.

Akaja meneja mwingine, mama mtulivu sana, hakuitisha mtu wa ziada wala semina. Alichukua kaunta ya mwisho akaweka mashine ya kuhesabu akaifanya ya pesa nyingi kila Jumatatu hadi saa sita, akatuzungusha zamu pale, akaanza kuhesabu shilingi pamoja na wateja, na kila jioni wakati wa kusawazisha alikuwa anapita kwa kila mmoja dakika mbili tatu kuuliza leo nini kilikukwamisha. Ukiwa na shoti, yaani pesa imepungua kwa hesabu yako, alikuwa anakaa na wewe muitafute kabla ya kusema utalipa kutoka mfukoni. Ndani ya miezi michache laini ya Jumatatu ilikuwa imepungua na sisi wale wale, mshahara ule ule. Hiyo ndio HR. Haikuwa hedi ofisi huko Upper Hill, ilikuwa ni huyo mama.

Na utafiti unamuunga mkono. Ukisoma kazi nyingi za HR na ufanisi utaona zinachukua kampuni nyingi, zinauliza nani ana mafunzo mengi, nani ana bonasi, halafu zinaangalia nani ana faida. Tatizo la hapo ni kwamba benki yenye faida ndio iko na pesa ya kufunza watu, sasa kipi kimeleta kipi? Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani anaitwa Ann Bartel alichapisha utafiti uliopita hiyo shida kwa njia nzuri, alichukua matawi ya benki moja ya Kanada, yaani sera za HR ni zile zile, mishahara imepangwa mahali pamoja, na bado matawi yanatofautiana. Aligundua tawi ambalo wafanyakazi wameridhika na vile kazi yao inavyopimwa, vile wanavyoambiwa maendeleo yao na vile wanavyotambuliwa, ndilo linafanya vizuri zaidi. Fikiria hiyo maana yake kwako dada. Kama sera ni moja na matokeo yanatofautiana, basi kinachotofautiana ni vile meneja wa tawi anavyoitumia. Wewe ndio hiyo HR wanayobishania huko juu.

Kuna nyingine ya mwaka 1996, ya Delery na Doty, wao waliangalia benki za Marekani na jinsi zinavyowashughulikia maofisa wa mikopo. Mambo matatu yalienda pamoja na matokeo mazuri ya kifedha: kugawana faida na wafanyakazi, kupima mtu kwa matokeo, na mtu kuwa na uhakika wa kazi yake. Hilo la tatu uliweke alama, nitalirudia.

Lakini hilo la pili, kupima kwa matokeo, linaweza kuua benki ukichagua matokeo vibaya. Wells Fargo ya Marekani ilikuwa inasukuma wafanyakazi wa matawi kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Nane! Mtu wa kawaida anahitaji akaunti, kadi, labda mkopo. Watu wakashindwa, wakaogopa kufutwa, wakaanza kufungua akaunti bila wateja kujua. Ilipojulikana Septemba 2016 ilikuwa ni akaunti kama milioni 2 zinazoshukiwa, wafanyakazi 5,300 walikuwa wamefutwa kwa miaka mitano, na faini ya kwanza ilikuwa dola milioni 185, halafu mwaka 2020 ikalipa dola bilioni 3 nyingine kumaliza kesi na serikali. Ukiangalia kwa makini utaona hao 5,300 waliajiriwa na benki moja, wakafunzwa na benki moja, wakapewa tageti moja. Huwezi kusema ni bahati mbaya ya kuajiri watu wezi.

Kwa hivyo kwa tawi lako ningeangalia maofisa wa mikopo kwanza. Kama komisheni yao inalipwa siku mkopo unatoka, badilisha ama omba ruhusa ubadilishe, sehemu ilipwe ukitoka na sehemu ilipwe baada ya mwaka kama bado unalipwa vizuri. Na vijana wa mauzo wanaozunguka Gikomba na Tom Mboya wakifungulisha watu akaunti, usiwalipe kwa akaunti iliyofunguliwa, walipe kwa akaunti iliyo na pesa ndani baada ya miezi mitatu. Utaona idadi inashuka mara moja, na usiogope, hizo zilizopotea zilikuwa ni karatasi tu zinazokula muda wa watu wako wa nyuma.

Kitu kingine, kama benki yenu iko na ule mtindo wa kulazimisha kila tawi liwe na asilimia fulani ya watu waliofeli tathmini, pigana nao kwa adabu. Kwa kampuni ya watu elfu tatu pengine una maana, kwa watu 14 unamaanisha lazima mtu mmoja ama wawili waitwe wabovu hata kama hakuna, na watu wakishajua hivyo hakuna keshia atamsaidia mwenzake kutafuta shoti jioni. Nimeona tawi likigeuka baridi hivyo kwa mwaka mmoja.

Sasa mafunzo. Siyapingi, lakini siku tatu hoteli ya Naivasha na ngazi za mawasiliano kwa ukuta hazitashusha 55% yako. Fanya hivi kwanza: chukua faili zote za kufungua akaunti na za mikopo ambazo hedi ofisi ilirudisha mwezi uliopita. Nyingine ni sahihi haifanani, nyingine PIN ya KRA haipo, kopi ya kitambulisho haisomeki, fomu haijajazwa ukurasa wa tatu. Kila faili ikirudi ni mteja anapigiwa simu, anakuja tena, anapanga laini tena, na mtu wako anarudia kazi ambayo ilishalipwa mara moja. Zihesabu, ziandike kwa sababu, na nakuahidi sababu tatu nne zitabeba karibu zote. Halafu Jumanne asubuhi saa moja na nusu kabla ya kufungua, kaeni saa moja na hizo faili mezani. Mtu anayekosea kidogo kabisa ndio afunze. Mwezi ukiisha hesabu tena. Hayo ndio mafunzo ambayo unaweza kuyaonyesha mtu wa fedha kwa namba, na yakifanya kazi ndio uende kwa HR useme sasa niko na ofisa mmoja anahitaji kozi ya kuchambua hesabu za biashara ndogo, mpelekeni, jina lake ni fulani, sababu ni hii. Wataelewa.

Turudi kwa uhakika wa kazi, manake hapa ndio watu wa fedha watakubana.

Wewe na mimi tunakumbuka 2016. Sheria ya kufunga riba ilianza Septemba mwaka huo, benki haiwezi kutoza zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kwa miaka iliyofuata hadi sheria ilipoondolewa Novemba 2019 benki nyingi zilifunga matawi na kuachisha watu, wengine kwa hiari wengine sio kwa hiari. Nilikuwa upande wa HR wakati huo, katika benki ambayo pia siitaji, na niliandika barua hizo. Zile za hiari ndizo zilizotuumiza kuliko zote, juu wanaojitokeza kwanza kuchukua pesa ni wale wanaojua watapata kazi kwingine kesho, yaani mafundi wako. Tukabaki tukiajiri watu wa kandarasi ya miezi sita sita, wanakuja wanafunzwa, wakishaanza kujua wateja kandarasi inaisha. Gharama ya mshahara ilishuka kweli. Lakini makosa yalipanda, na wenye biashara wakawa wanauliza yule kijana aliyekuwa ananijua alienda wapi, na mara nyingi alikuwa ameenda benki jirani na alikuwa ameshawapigia simu.

Kuna mtu atakuambia lakini siku hizi watu wanatumia simu, makeshia wa nini. Ana haki nusu. Tangu M-Pesa ianze 2007, mawakala wa benki waruhusiwe 2010 na mikopo ya simu ije na M-Shwari 2012, kazi imetoka kaunta, benki kubwa zetu zinaripoti zaidi ya 90% ya miamala inafanyika nje ya tawi. Lakini angalia ni nini kimebaki ndani ya tawi lako. Mjane anafuata pesa za marehemu, mfanyabiashara wa Eastleigh anataka barua ya dhamana, mtu ametumiwa pesa akaunti isiyo yake, mzee haamini simu. Yamebaki yale magumu, yanayohitaji mtu anayejua kazi na anayekaa hapo muda mrefu. Kwa hivyo inawezekana kabisa unahitaji makeshia wachache, sitakudanganya, lakini hao wawili ukiwageuza kuwa watu wa kushughulikia wateja wa biashara unaweza kupata mapato badala ya kuokoa milioni mbili na kitu. Jaribu mmoja kwa miezi mitatu, andika anachoingiza.

Na wakikataa kabisa, wakisema lazima watu watoke, basi angalau ifanywe kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40 inataka chama cha wafanyakazi na ofisa wa leba wajulishwe mwezi mmoja kabla, mtu achaguliwe kwa kuangalia muda wake kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake, na alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi, juu ya likizo zake na notisi. Makeshia wengi wako BIFU, chama cha wafanyakazi wa benki, na makubaliano yao na waajiri yanaweza kuwa yanatoa zaidi ya hapo, yasome. Usikubali kuambiwa uchague jina usiku mmoja.

Kidogo kuhusu likizo, manake ukiwa na watu wachache hii ndio inakufa kwanza. Usiruhusu mtu yeyote anayeshika pesa ama kuidhinisha miamala akose kwenda likizo yake, na angalau wiki mbili mfululizo, mtu mwingine akae kwa kiti chake na password zake zifungwe. Wizi mwingi wa ndani unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuufunika. Na hatari nyingine ni mtu mmoja kushika kazi mbili zinazopaswa kuchungana. Barings ya Uingereza, benki ya zaidi ya miaka 200, ilianguka Februari 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827 kwa sababu kijana mmoja pale Singapore alikuwa anafanya biashara na pia anasimamia watu wa kuandika hiyo biashara kwa vitabu. Tawi la watu 12 ni rahisi sana kuanza kuchanganya kazi hivyo, aliyeingiza muamala ndio anauidhinisha juu mwenzake amefungua kaunta. Hiyo hatari iandike kwa barua yako, wakubwa wanaielewa haraka kuliko mambo ya morali.

Barua yenyewe usiipeleke kesho. Chukua wiki mbili, mwambie mlinzi wa mlangoni akupe tiketi za laini, andika mtu amesubiri dakika ngapi saa nne asubuhi, saa saba, na mwisho wa mwezi. Andika faili zilizorudi. Andika akaunti 50 kubwa za tawi na ni nani kati ya watu wako anazijua kwa jina, na zile zilizohama mwaka huu na kwa nini, zipigie simu uulize. Halafu fanya ile hesabu ya milioni 60 kwa namba zako halisi, mara mbili, moja mapato yakikaa na nyingine ukipoteza akaunti tano tu kati ya hizo 50. Hiyo karatasi moja ndio uende nayo kwa mtu wa fedha, umuombe miezi sita ya kubadilisha tageti kabla ya kugusa mtu. Na kabla ya hayo yote, kesho jioni wakati wa kusawazisha, pita kwa makeshia mmoja mmoja uwaulize ni kitu gani kilikwamisha kazi yao leo, na uandike wanachosema vile wanavyokisema.